Shajara ya mradi: kupima ardhi adimu kwenye damu, kutoka mrija hadi ICP-MS

3 Februari: lengo, na hesabu iliyotutisha

Tunatengeneza njia ya kupima lanthanidi 14 (kundi la metali za ardhi adimu, La hadi Lu, ukiondoa promethiamu) pamoja na itriamu kwenye damu nzima ya watu wasiofanya kazi za migodi. Mashine ni ICP-MS: gesi ya moto sana, yaani plazima, inavunja sampuli kuwa ioni, nazo zinahesabiwa kwa masi, yaani uzito wa atomi. Eneo letu lina akiba kubwa za madini haya: kilima cha Mrima huko Kwale, Ngualla mkoani Songwe, Gakara nchini Burundi. Kiwango cha kawaida kwenye damu ya wakazi lazima kijulikane kabla uchimbaji haujashamiri. Vumbi likishatimka hakuna tena cha kulinganisha nacho.

Kwa mtu asiye na mfiduo maalumu tunategemea lanthanamu na seriamu katika makumi ya nanogramu kwa lita, na elementi nzito kama thuliamu na lutetiamu chini ya nanogramu moja. Kwa kupanga kazi tumechukua La 30 ng/L na kukisia nyingine kwa uwiano wa PAAS, yaani wastani wa mwambatope wa Australia: Ce (seriamu) 62, Gd (gadoliniamu) 3.7, Eu (europiamu) 0.85, Lu (lutetiamu) 0.34, Tm (thuliamu) 0.32. Hizi ni namba za kupangia tu, si matokeo.

Sasa vumbi. Ganda la juu la dunia lina seriamu takribani mikrogramu 63 kwa gramu. Chembe za vumbi zenye uzito wa mikrogramu 1, ambazo jicho halizioni, hubeba pikogramu 63 za seriamu. Mililita moja ya damu yenye Ce 62 ng/L ina pikogramu 62. Kwa hiyo mikrogramu moja ya vumbi ikiangukia kwenye mrija inazidisha jibu mara mbili. Mengi yanayofuata kwenye shajara hii yametokana na hesabu hiyo.

10 Februari: mirija, sindano, glovu

Mirija ya kawaida ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau haifai. Tumechagua ile ya bluu iliyoiva, ya K2EDTA, iliyothibitishwa kwa elementi haba. Hata hiyo cheti chake kinataja risasi, kadimiamu, zebaki na wenzao, si lanthanidi, kwa hiyo kila toleo jipya la kiwandani tunalipima wenyewe: mirija 5 kutoka kila boksi, mililita 4 za maji safi (18.2 MΩ·cm), igeuzwe mara 10, ilale saa 24 kwenye nyuzi 4, kisha maji yapitie hatua zote kama damu. EDTA iliyomo ndani inashika lanthanidi kwa nguvu, kwa hiyo maji haya yanachomoa uchafu wa ukutani karibu kama damu inavyofanya. Wengine hutumia asidi 1% kwa jaribio hili. Asidi huchomoa zaidi ya damu, na unaweza kukataa mirija mizuri bure.

Mirija ya jeli ya kutenganisha seramu tumeiacha kabisa. Vioo pia: borosilikati hutoa lanthanidi na bariamu, na seriamu hutumika kiwandani kung'arisha vioo. Vyombo vyote ni vya plastiki, PFA au polipropilini, vimelala siku nzima kwenye asidi ya nitriki 10%, vikasuuzwa mara tatu na kukaushwa vikiwa vimeinamishwa chini ya hewa iliyochujwa.

Glovu ni za nitrili zisizo na poda. Ncha za pipeti ni nyeupe zisizotiwa rangi, na kila moja inavuta na kumwaga asidi 2% mara mbili kabla ya kugusa sampuli.

Damu ya kutoboa kidole haitumiki, hata kama mtoto analia. Tone linapita juu ya ngozi, na ngozi ndiyo yenye vumbi.

Dodoso limeongezewa maswali matatu ambayo wauguzi waliyaona ya ajabu: je, umewahi kupigwa picha ya MRI kwa kuchomwa dawa ya kung'arisha? Je, unatumia vidonge vya lanthanamu kaboneti (wagonjwa wa figo hupewa ili kuzuia fosfeti)? Je, unavuta sigara? La mwisho ni kwa sababu ya moshi na pia kiberiti cha gesi. Lile jiwe la cheche ni feroseriamu, na linarusha seriamu na lanthanamu vidoleni.

18 Februari: kuyeyusha damu

Tulilinganisha njia mbili. Ya kwanza ni kuchanganya damu moja kwa moja na kimiminika cha alikali (TMAH ambayo ndiyo alikali, EDTA, sabuni ya Triton X-100, butanoli kidogo). Ni ya haraka, na kwa risasi au seleniamu ni nzuri sana. Kwa lanthanidi ina mtego: kwenye alikali huganda kama haidroksaidi, na kwenye pH ya kati hushikana na fosfeti ya damu. EDTA ndiyo inayoziokoa. Ikipimwa pungufu, seriamu hushuka taratibu kadiri trei ya sampuli inavyosubiri zamu, na mtu anadhani mashine inayumba.

Ya pili, ambayo tumeichukua, ni kuyeyusha kwa asidi:

1. Damu iliyoganda barafu iyeyuke kwenye joto la chumba, igeuzwe taratibu mara 10 au zaidi. Seli nyekundu hutuama haraka, na mililita ya juu si sawa na ya chini.
2. Mililita 1 kwenye mrija wa polipropilini wa mL 15, halafu pima uzito. Damu ni nzito na hunata kwenye ncha ya pipeti; mililita 1 inapaswa kuwa karibu gramu 1.06. Hesabu zote zinafuata uzito.
3. Asidi ya nitriki 69% iliyochujwa kwa mvuke chini ya kiwango cha kuchemka, mL 1, kwa matone. Damu itaganda kuwa donge la kahawia na kutoa povu. Acha kifuniko kimelegezwa usiku kucha. Ukikimbilia joto, povu linapanda hadi mdomoni na sampuli inapotea.
4. Bloku ya joto, nyuzi 95, saa 2.
5. Ipoe, ongeza haidrojeni peroksaidi 30% mL 0.5, rudisha kwenye nyuzi 95 kwa saa 1.
6. Jaza hadi mL 10 kwa maji safi.

Kimiminika kinatoka cha njano hafifu, wakati mwingine na utando wa mafuta juu. Maikrowevu ya maabara kwenye nyuzi 200 hutoa maji meupe kabisa, ila vyombo vyake vinatumika tena na tena, na blanki zake (sampuli tupu zisizo na damu) zilikuwa mbaya zaidi ya zile za mirija ya kutupa. Tumekubali njano. Utando wa mafuta tunauacha utulie, na sindano ya kuvuta sampuli tunaiweka katikati ya kimiminika, si juu wala chini.

Chumvi hazitishi. Damu ina sodiamu karibu gramu 2 kwa lita, potasiamu kidogo chini ya hapo, chuma karibu nusu gramu. Ukigawa kwa 10 unabaki chini ya kikomo cha 0.2% cha vitu vilivyoyeyuka ambacho koni za mashine huvumilia. Asidi ndiyo iliyo nzito, karibu 10% kwa ujazo kabla ya ile iliyotumika kwenye uyeyushaji. Viwango vya kalibresheni (vimiminika vya kulinganishia, vyenye kiasi kinachojulikana) lazima viwe na asidi hiyo hiyo, la sivyo mnyunyizo unabadilika kati ya kiwango na sampuli.

Usalama: hatua ya 1 hadi ya 3 inafanyika ndani ya kabati la kibayolojia, sampuli zote zikichukuliwa kuwa na virusi. Pombe ya kupangusia isikae karibu na chupa ya nitriki, kwani ethanoli na asidi hiyo vikichanganyika vinaweza kulipuka. Dawa ya klorini ikitumika mezani, ifuatwe na maji safi mara mbili.

2 Machi: mashine, na vitu viwili vinavyouzwa tayari ambavyo havifai

ICP-MS yetu ni ya kwadrupoli moja, yaani kichujio kimoja cha masi, yenye seli ya heliamu. Nguvu ya plazima wati 1550, chumba cha mnyunyizo nyuzi 2, heliamu 4.5 mL kwa dakika pale inapohitajika. Oksaidi (elementi iliyoshikana na oksijeni ndani ya plazima) tunaipima kwa CeO/Ce, yaani masi 156 juu ya 140, na hatuanzi kazi ikizidi 1.5%. Ikizidi, punguza kidogo gesi ya nebulaiza (kifaa cha mnyunyizo); mwitiko utashuka, lakini oksaidi itashuka zaidi.

Jambo la kwanza la kuangalia ni chupa ya kurekebishia mashine. Karibu zote zina seriamu, na baadhi itriamu pia, mara nyingi kwa 1 µg/L, yaani 1,000 ng/L, nasi tunatafuta Ce ya 6 ng/L kwenye kimiminika. Baada ya marekebisho tunasuuza kwa nitriki 5% hadi masi 140 na 89 zirudi kwenye kiwango cha blanki, hata ikichukua nusu saa, na mirija ya pampu tunaibadilisha kabla ya sampuli ya kwanza.

La pili ni mchanganyiko wa elementi rejea, zinazoongezwa kwa kiasi sawa kwenye kila sampuli ili kusahihisha kuyumba kwa mashine. Ile chupa maarufu inayokuja na mashine ina skandiamu, itriamu, terbiamu, holmiamu au lutetiamu, kutegemea mtengenezaji. Ukiacha skandiamu, hizo ndizo tunazotafuta! Ukiiunganisha kwenye pampu, umezitia kwenye kila sampuli kwa mkono wako mwenyewe. Tumenunua rodiamu na reniamu, kila moja chupa yake, tukazipima kwanza ili kuhakikisha hazina lanthanidi. Rodiamu (103) inalinda upande mwepesi, reniamu (185) upande mzito.

Kalibresheni ni 0.1, 0.5, 1, 5, 10 na 50 ng/L, kutoka chupa ya lanthanidi zote ya 10 mg/L. Viwango vya chini vinatengenezwa asubuhi ya siku hiyo. Kamwe visichanganywe na chupa za titaniamu, zirkoniamu au niobiamu: hizo huhifadhiwa kwa hidrofloriki kidogo, na florini hugandisha lanthanidi zikashuka chini bila kuonekana.

Kuhusu elementi nzito tuseme wazi. Tukiwa na mwitiko wa hesabu 100 kwa sekunde kwa kila ng/L, thuliamu ya 0.32 kwenye damu inakuwa 0.032 kwenye kimiminika, yaani hesabu 3 kwa sekunde. Sekunde 5 za kusikiliza zinakupa hesabu 16, na kosa la takwimu peke yake ni 25%, kabla hujatoa blanki. Anayeripoti thuliamu ya damu ya kawaida kwa tarakimu tatu, mwulize amezipata wapi.

9 Machi: bariamu inayojifanya europiamu

Bariamu ikishikana na oksijeni ndani ya plazima inatoa masi 151 (135Ba16O) na 153 (137Ba16O). Europiamu ina isotopu mbili tu, 151 na 153. Hakuna pa kukimbilia.

Ukubwa wa tatizo: chukua damu yenye bariamu 1 µg/L, na BaO/Ba ya 0.1%. Isotopu 137 ni 11.23% ya bariamu yote, na 153 ni 52.2% ya europiamu. Zidisha, gawanya, unapata europiamu bandia ya karibu 0.2 ng/L dhidi ya ile halisi tuliyoikisia, 0.85. Inavumilika. Bariamu ikipanda hadi 10 µg/L kwa sababu ya kizibo cha mpira au kioo, bandia inakuwa 2 ng/L na kuimeza ile halisi.

Tunachofanya:

- Europiamu inapimwa kwa heliamu pekee. BaO ni kubwa kwa umbo, hugonga heliamu mara nyingi zaidi na kuachwa nyuma.
- Bariamu inapimwa kwenye kila sampuli, hata kama haimo kwenye ripoti.
- Kiwango cha bariamu tupu, 10 µg/L, kinasomwa mwanzo, katikati na mwisho wa trei, na kizidisho cha kusahihisha kinatoka hapo. Usitumie CeO/Ce badala yake: seriamu hushika oksijeni kwa nguvu zaidi sana kuliko bariamu, na utasahihisha kupita kiasi hadi europiamu iwe hasi.
- Chupa ya bariamu yenyewe inaweza kuwa na europiamu kidogo. Uwiano wa 151 kwa 153 unaitambulisha: europiamu halisi hutoa 0.92, BaO hutoa 0.59. Uwiano huo huo tunauangalia kwenye sampuli, pale hesabu zinapotosha kuaminika.

Gadoliniamu ina majirani zake pia, PrO kwenye 157 na oksaidi za seriamu na neodimiamu kwenye 158. Kwa oksaidi chini ya 1.5% na heliamu ikiwa wazi, mchango wao ni mdogo. Tunasoma masi zote mbili, na zikitofautiana kupita kosa la takwimu sampuli inarudiwa.

Wenye mashine za kwadrupoli tatu hutumia oksijeni na kuhamishia lanthanidi kwenye masi +16. Ni njia nzuri kwa nyingi, ila europiamu na iterbiamu hazipendi kushika oksijeni ndani ya seli, na europiamu ndiyo iliyokuwa na shida tangu mwanzo.

17 Machi: umbo la mchoro kama mlinzi

Lanthanidi zenye namba shufwa ni nyingi kuliko majirani zao witiri, kwa hiyo mchoro wa namba ghafi ni meno ya msumeno. Gawa kila elementi kwa kiwango chake cha PAAS (La 38.2, Ce 79.6, Pr 8.83, Nd 33.9, Sm 5.55, Eu 1.08, Gd 4.66, Dy 4.68, Er 2.85, Yb 2.82, zote kwa mg/kg) na meno yanalainika. Kinachotokeza baada ya hapo kina sababu, na mara nyingi sababu hiyo inajulikana:

Europiamu imechomoza peke yake: bariamu. Rudi kwenye kizidisho cha kusahihisha, kisha kwenye toleo la mirija.

Gadoliniamu imechomoza peke yake: MRI. Dozi ya kawaida ni 0.1 mmol kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni gadoliniamu gramu 1.1, ikiingia kwenye damu ambayo kwa kawaida ina nanogramu chache kwa lita. Sehemu kubwa hutoka kwa mkojo siku hiyo hiyo figo zikiwa nzima, lakini kwa kipimo chetu mabaki madogo tu yanatosha kuonekana. Si jambo la maabara peke yake: mwaka 1996 Bau na Dulski walionyesha kilele hicho hicho kwenye maji ya mito ya Ujerumani, kikitoka kwa wagonjwa kupitia majitaka. Sampuli kama hiyo haitupwi. Gadoliniamu inatolewa kwenye wastani, nyingine zinabaki.

Lanthanamu peke yake: vidonge vya figo. Seriamu na lanthanamu pamoja, nyingine zikiwa tulivu: fikiria jiwe la kiberiti.

Itriamu imepanda bila disprosiamu na holmiamu, ambazo kikemia ni ndugu zake: chupa ya kurekebishia mashine.

Tumeweka kanuni kwamba mchoro unatazamwa kabla ya takwimu yoyote. Wastani wa watu mia unaweza kuficha watu watatu waliopigwa MRI, na ripoti ikatoka ikisema kijiji kina gadoliniamu.

26 Machi: pale umbo lisipofaa kitu

Vumbi la kawaida lina umbo la PAAS. Likiingia kwenye sampuli mchoro unapanda wote kwa pamoja, umenyooka, mzuri wa kutamanisha. Mlinzi wetu amelala.

Shahidi wa vumbi ni aluminiamu. Ganda la juu la dunia lina aluminiamu karibu 8%, kwa hiyo ile mikrogramu 1 ya vumbi inaleta nanogramu 80, yaani 8 µg/L kwenye mL 10 za kimiminika. Damu ya mtu mwenye figo nzima ina aluminiamu chini ya 10 µg/L, ambayo baada ya kugawa kwa 10 ni chini ya 1. Ikisomeka kadhaa juu ya blanki, sampuli inayeyushwa upya kutoka mrija wa awali. Ikirudi vilevile, uchafu uliingia wakati wa kutoa damu, na hakuna dawa.

Kikomo cha ugunduzi tunakihesabu kwa blanki zilizopitia kila hatua, mrija wa damu, asidi na bloku ya joto: mkengeuko sanifu wa blanki 10, mara 3, mara 10 kwa ajili ya uyeyushaji. Kikomo cha asidi iliyomiminwa moja kwa moja kwenye mashine ni kizuri zaidi na hakina maana. Elementi iliyo chini ya kikomo kwa zaidi ya nusu ya watu haitolewi wastani. Tunaripoti ni wangapi walioivuka, basi.

Ubora wa trei: damu rejea ya Seronorm kwa ajili ya mwendelezo (kwa lanthanidi thamani zake ni za taarifa tu, hazijathibitishwa), na nyama ya kome BCR-668, iliyothibitishwa kwa lanthanidi, kwa ajili ya ukweli. Kome si damu, lakini ni protini na chumvi. Pia sampuli moja kati ya 10 inaongezewa lanthanidi kabla ya asidi, kiasi cha kufikia 10 ng/L kwenye kimiminika cha mwisho, na tunakubali urejesho wa 85 hadi 115%. Ukiongeza baada ya kuyeyusha utapata karibu 100% kila siku, hata kama nusu ya sampuli ilibaki kwenye donge.

2 Aprili: kinachobaki kabla ya kwenda uwanjani

Hesabu ya vumbi inabadilika kwenye udongo wenye madini. Udongo wenye seriamu 1% hubeba nanogramu 10 kwenye kila mikrogramu, zaidi ya mara mia moja na hamsini ya seriamu yote iliyomo kwenye mililita ya damu, huku aluminiamu yake ikiwa ile ile au pungufu. Chembe ya nanogramu 10 tu inaongeza jibu mara mbili na zaidi, na aluminiamu yake haionekani. Kwa hiyo mahali ambapo kipimo kinahitajika zaidi ndipo shahidi wetu anaponyamaza.

Mpango uliokubaliwa:

Damu itolewe ndani ya zahanati yenye sakafu iliyopigwa deki kwa maji, madirisha yakiwa yamefungwa, si chini ya mwembe. Mkono uoshwe kwa maji na sabuni hadi juu ya kiwiko kabla ya pombe. Pombe peke yake inasogeza vumbi tu. Mrija wa kwanza ni wa vipimo vya kawaida vya hospitali, wa pili ndio wetu. Mirija isitolewe kwenye mfuko hadi mtu akae kitini.

Kwenye kila zahanati, kila asubuhi na kila jioni, muuguzi atavuta maji safi kutoka mfuko uliofungwa kwa sindano na mrija wa toleo lile lile, mezani pale pale. Blanki hizi za uwanjani zitayeyushwa pamoja na damu za siku hiyo. Kikomo cha ugunduzi cha zahanati husika kitatoka kwenye blanki zake, si za maabara. Zahanati ambayo blanki zake za Ce zitazidi theluthi ya wastani wa damu zake, matokeo yake ya seriamu hayatatoka kwenye ripoti.

Toriamu (232) imeongezwa kwenye orodha ya mashine. Monaziti (madini ya ardhi adimu) huwa nayo, na udongo wa Mrima una mnunurisho wa asili ulio juu kwa sababu hiyo. Inanata kwenye mirija ya pampu kuliko lanthanidi, kwa hiyo inasomwa mwisho wa orodha, na kiwango chake cha juu ni 5 ng/L. Mirija ya toleo jipya imefika. 5 kutoka kila boksi imejazwa maji leo jioni.